Maafa Yanapofika: Wakristu na Msaada, Tangu Antiokia Hata Kisangani

Wapenzi ndugu, mnaotusikiliza kwa redio na mnaosoma kijitabu hiki huko vijijini, amri ya mapendo mmekwisha kujifunza. Mnajua kwamba ampendaye Mungu hana budi kumpenda na jirani. Leo twataka kuuliza neno moja zaidi: maji yanapofunika kijiji, au moto wa mlima unapoteketeza mji, mapendo hayo hufanya kazi gani? Ili tujibu vema tutatazama habari za Kanisa tangu mwanzo, maana wakubwa wetu katika imani walipata maafa kabla yetu, wakatuachia mafundisho.

1. MTO UNAOTULISHA NA KUTUTISHA

Sisi wakaaji wa Kisangani na wa vijiji vya Tshopo tumezaliwa kando ya maji. Mto Kongo ni njia yetu, ni soko letu, ni shamba letu la samaki. Wagenia hutega migono yao mikubwa penye maporomoko ya Boyoma, kama walivyofundishwa na babu zao. Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, alipofika huku mwaka 1897 na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli, aliijenga karibu na mto. Na kanisa kuu letu, lililowekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Rozari, limesimama si mbali na ukingo.

Lakini mto ule ule hugeuka adui. Mwezi wa Desemba 1961 maji yalipanda sana, hata huko Kinshasa, ulioitwa wakati ule Léopoldville, kipimo cha mto kilionyesha meta 6.26. Wazee wengi waliusimulia mwaka ule kwa watoto na wajukuu wao. Miaka zaidi ya 60 ikapita. Kisha, mwezi wa Januari 2024, kipimo kile kikafika meta 6.20. Katika siku zile Serikali ilitangaza kwamba watu wapatao 300 wamekufa katika nchi nzima, nyumba zaidi ya 43,000 zimeanguka, na shule zaidi ya 1,300 zimeharibika. Jimbo la Tshopo lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyopigwa.

Wako watu wanaosema, “Haya ni kazi ya wachawi.” Wengine husema, “Mungu amewaadhibu wale kwa ajili ya dhambi zao.” Ndugu, tusiseme hivyo. Watu walipomletea Bwana wetu Yezu Kristu habari za kifo cha ghafula, yeye aliwakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Na juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, alikataa kabisa kutafuta kosa lake au la wazazi wake. Mto Kongo huvuka ikweta mara mbili, kwa hiyo hupokea mvua za kaskazini na mvua za kusini. Mvua hizo zikizidi kiasi, maji hutoka katika mkondo na kuingia katika mabonde. Na kwa kuwa miji imekua, watu maskini wamejenga penye mabonde hayo nyumba za matofali mabichi, ambayo yakilowa huanguka. Hiyo ndiyo sababu, wala hakuna haja ya kumtafuta mchawi. Anayemtafuta mchawi hupoteza wakati ambao angaliutumia kumtafuta aliyepotea majini.

2. KANISA CHANGA LALISAIDIA KANISA MAMA

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume twasoma habari za nabii Agabo. Huyu alifika Antiokia, akatabiri kwamba njaa kubwa itakuja. Nayo ikaja katika siku za Kaisari Klaudio, aliyetawala tangu mwaka 41 hata mwaka 54. Wakristu wa Antiokia wakaazimu kuwapelekea msaada ndugu zao wakaao Yudea. Kila mmoja alitoa kwa kadiri ya uwezo wake, nayo mali ikapelekwa kwa wazee wa Kanisa kwa mikono ya Barnaba na Sauli.

Tuangalie vema habari hii, ingawa ni fupi. Kwanza, hawakungoja njaa iwaue watu ndipo waanze kuchanga. Waliposikia onyo, walianza kazi. Pili, hakuna aliyelazimishwa kutoa kiasi kimoja na mwenzake. Tatu, waliwachagua watu wanaojulikana kuwa waaminifu wapeleke mali ile. Nne, nalo ni neno kubwa kwetu, watu wa Antiokia walikuwa waongofu wapya. Imani waliipata kutoka Yerusalemu. Sasa wao, walio watoto, waliwalisha mama zao.

Basi, mwongofu wa kijijini asiseme, “Mimi ni maskini, kazi yangu ni kupokea tu, wenye kutoa ni watu wa Ulaya.” Mtume Paulo alipochanga sadaka kwa ajili ya Yerusalemu, aliwasifu kuliko wote Wakristu wa Makedonia, ambao walikuwa katika umaskini mwingi, nao wakaomba wenyewe wapewe nafasi ya kutoa. Aliwaagiza na Wakorinto waweke akiba kidogo kila siku ya kwanza ya juma, ili mchango usianze siku atakayofika yeye. Haba na haba hujaza kibaba. Tena Paulo hakukubali kuichukua fedha ile peke yake: makanisa yalichagua watu wa kufuatana naye, pasiwe na mtu wa kumlaumu. Ikiwa Mtume mwenyewe alijilinda hivyo, sisi ni nani hata tukasirike tukiulizwa hesabu?

3. MANUNG'UNIKO YA WAJANE

Hata hivyo msidhani kwamba Wakristu wa kwanza hawakupata matata katika kugawa msaada. Huko Yerusalemu kila siku wajane walipewa chakula. Kukatokea manung'uniko: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa, lakini wajane wenye kusema lugha ya nchi walikuwa wanapata. Yaani chakula kilifuata lugha na ukoo.

Mitume walifanya nini? Hawakuwakaripia wajane wala kuwaambia wavumilie kwa ajili ya mbingu. Waliuita mkutano wa waamini wote, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Na majina ya wale saba, akiwamo Stefano, yote ni ya Kiyunani. Maana yake, kazi ya kugawa waliwatia mikononi watu wa upande ule uliokuwa unadhulumiwa.

Ndugu zangu, somo hili latuhusu sana. Katika mji wa Kisangani wanakaa pamoja Walokele, Wagenia, Wakumu, Wambole, Walengola, Watopoke na wengine wengi. Tumeona jinsi ugomvi wa Wambole na Walengola, ulioanza mwaka 2023, ulivyowakimbiza maelfu ya watu na kuwafanya wakimbizi katika nchi yao wenyewe. Mahali palipo na jeraha la namna hiyo, orodha ya msaada inaweza kuwa dawa, au inaweza kuwa sumu. Mtu akiona kwamba jina lake limeachwa kwa sababu ya kabila lake, unga ule hautamshibisha hata yule aliyeupata, maana utazaa uadui mpya. Kwa hiyo orodha iandikwe nyumba kwa nyumba. Iandikwe na watu wa makabila mbalimbali pamoja. Na isomwe mbele ya wote.

4. MAASKOFU WA ZAMANI, MMOJA WAO MWAFRIKA

Karibu na mwaka 252 ugonjwa mkubwa wa kuambukiza uliuangukia mji wa Karthago, katika Afrika ya Kaskazini. Watu waliogopa, wengine waliwatupa wagonjwa wao nje. Askofu wa mji alikuwa Mtakatifu Siprian, Mwafrika wa pande zile. Wakati ule Wakristu walikuwa wametoka katika mateso ya Kaisari Desio, na majirani wapagani walikuwa wamewachukia. Siprian aliwakusanya waamini akawafundisha kwamba kuwasaidia Wakristu wenzao tu si jambo la ajabu, maana hata watoza ushuru hupenda jamaa zao. Yawapasa kuwasaidia na wale waliowatesa. Wakagawana kazi: wenye mali walitoa mali, maskini walitoa nguvu za mikono yao.

Baadaye kidogo watu wengi wa Numidia walitekwa na wanyang'anyi. Kanisa la Karthago lilichanga sesterti 100,000, fedha nyingi sana, ili wakombolewe. Siprian aliipeleka pamoja na barua, na majina ya waliotoa, ili wakumbukwe katika sala. Mnaona, ndugu, kuandika majina na hesabu si desturi ya juzi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Karibu na mwaka 369 njaa kali iliwashika watu wa Kaisarea, katika nchi ya Kapadokia. Wenye ghala walificha nafaka wakingoja bei ipande. Mtakatifu Basili, aliyekuwa padri wakati ule, aliwahubiri matajiri kwa maneno makali mpaka ghala zikafunguliwa. Kisha alipanga vyungu vikubwa vya supu, akawahudumia wenye njaa kwa mikono yake. Alipokuwa Askofu alijenga nje ya mji makao ya wagonjwa, maskini na wasafiri. Hakuridhika na msaada wa siku moja. Alijenga kitu kitakachobaki.

5. HABARI ZA NCHI YETU

Sasa turudi Kongo. Mwaka 1960 Maaskofu wetu waliunda Caritas ya Kongo, iwe mkono wa Kanisa katika kuwasaidia wenye shida. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa maji makubwa, Maaskofu walikutana Léopoldville wakaamua kwamba parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo zenye uhai, yaani majirani wanaosali pamoja na kusaidiana. Maamuzi hayo mawili huenda pamoja. Caritas inaweza kuleta mzigo wa unga mpaka parokiani. Lakini ni nani ajuaye kwamba nyuma ya mti ule yumo mzee asiyeweza kutembea? Ni jirani yake, aliye naye katika jumuiya.

Tarehe 17 Januari 2002, mlima wa Nyiragongo ulipasuka. Moto wa kuyeyuka ulishuka ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwa Kivu, ukafunika na sehemu ya uwanja wa ndege. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi na Sake, na watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Wengi wao hawakukaa katika kambi. Walipokelewa katika nyumba za jamaa, rafiki na waamini wenzao. Familia iliyokuwa na chumba kimoja iliwaongeza watu watano au kumi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini tujue pia kwamba mwenyeji naye huisha chakula. Kanisa likimsaidia mgeni na kumsahau aliyempokea, litakuta kwamba baada ya miezi miwili wote wawili wana njaa.

Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, katika Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilishusha mawe na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Maiti zilizikwa nyingi pamoja. Hapo tunaona kazi ambayo lori la mizigo haliwezi kuifanya: kuwazika wafu kwa heshima, kuandika majina yao, kuwaombea, na kukaa na waliobaki. Mama aliyepoteza watoto wanne akipewa blanketi, amepewa kitu cha lazima. Lakini akipewa blanketi tu, ameachwa peke yake.

6. MAPENDO YASIYO NA MAARIFA

Ndugu, lazima tuseme na neno gumu. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini ya nchi yetu, masista walitunza hospitali kwa bidii na moyo mwema. Lakini sindano zilikuwa chache, nazo zilitumiwa kwa mgonjwa huyu na huyu bila kuchemshwa ipasavyo. Ugonjwa usiojulikana, ulioitwa baadaye Ebola, uliingia. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa, pamoja na masista na wauguzi wengi. Wale masista hawakukosa mapendo. Walikufa wakiwahudumia watu. Lakini habari yao yatuonya kwamba nia njema peke yake haiui vijidudu vya ugonjwa.

Vivyo hivyo kipindupindu, tunachokiita kolera. Mwezi wa Machi 2011 kilianza Kisangani, kikashuka na vyombo vya mtoni kutoka bandari hata bandari, na kufikia katikati ya mwaka kilikuwa kimefika Kinshasa. Baada ya mafuriko vyoo hufurika, visima huchafuka, na watu hujaa katika shule na makanisa. Ikiwa parokia itawakusanya watu 500 katika jengo lake bila vyoo na bila maji safi, itakuwa imewaokoa katika mto ili iwape kolera. Kwa hiyo kabla ya kufungua milango, chimbeni vyoo mbali na kisima, wekeni maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini, na sabuni karibu na mlango. Tena mganga wa eneo la afya akisema jambo, asikilizwe.

7. YATUPASAYO KUFANYA

Kutokana na habari hizi zote twapata utaratibu ufuatao.

Kabla ya maafa: kila jumuiya ijue mahali pa juu pa kukimbilia, na mitumbwi ni ya nani. Kengele ya kanisa au ngoma ya mlio wa hatari ipangwe mapema, kila mtu aielewe. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa viwekwe mahali pa juu ndani ya sanduku. Maana mtu aliyepoteza karatasi zake zote katika maji, mara nyingi ushahidi wa pekee wa jina lake na wazazi wake ni mistari ile iliyoandikwa na padri. Na akiba kidogo iwekwe kila Dominika.

Siku za kwanza: watafuteni wazee, vilema, wajawazito, na wagonjwa, kwanza wao. Mtoto aliyepotea aandikwe jina, kijiji na jina la mama yake; asikabidhiwe mtu asiyejulikana, hata akisema ni mjomba. Gaweni maji safi, chakula kilichopikwa, sufuria, vyandarua. Msitoe nguo mbovu ambazo ninyi wenyewe mmezikataa.

Wakati huo msiulize, “Umebatizwa?” Msaada si nyavu ya kuvulia waongofu. Mprotestanti, Mkimbangu, Mwislamu na asiye na dini wote wamelowa kwa maji yale yale. Shaurianeni na chifu wa kijiji, na Msalaba Mwekundu, na makanisa mengine. Wabaptisti wa Yakusu walikaa kando ya mto huu tangu mwisho wa karne ya 19 wakiwatibu watu wa kila dini. Hakuna ubaya kushika kasia pamoja nao.

Baada ya miezi: hapa ndipo wengi huchoka. Redio imenyamaza, wageni wamerudi kwao, lakini muhogo umeoza ardhini na mavuno mengine yako mbali. Basi jumuiya zilizo nchi kavu zipeleke vijiti vya muhogo, mbegu za mahindi na mpunga, nyavu na majembe. Mafundi wasaidie kujenga tena, nao wajenge mahali pa juu zaidi. Mwisho, hesabu zote zisomwe baada ya Misa: kilichopatikana, kilichotoka, kilichobaki.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Je, maafa ni adhabu kwa walioangukiwa? Hapana, Bwana wetu alikataza kuwahukumu hivyo.

Wakristu wa Antiokia walituonyesha nini? Kwamba hata Kanisa changa na maskini linaweza kutoa, tena mapema.

Mitume walifanya nini wajane waliposahauliwa? Walisikiliza manung'uniko, wakachagua wagawaji waaminifu kutoka upande uliosahauliwa.

Mtakatifu Siprian aliagiza wasaidiwe nani? Watu wote, hata waliowatesa Wakristu.

Kwa nini mapendo yahitaji maarifa? Kwa sababu msaada usio safi waweza kuleta ugonjwa na kifo.

Kazi ya msaada huisha lini? Si siku maji yanapopungua, bali siku yule aliyepigwa anapoweza naye kumsaidia mwingine.

Wapenzi ndugu, mto utapanda tena. Hakuna ajuaye mwaka wala saa. Jumuiya yenu ikutane juma hili, iulize maneno matatu tu: mahali petu pa juu ni wapi, mitumbwi yetu ni mingapi, na nani atampitia mzee yule asiyeweza kutembea? Mkiisha kujibu, andikeni majibu katika daftari, kisha salini pamoja. Mungu awabariki.